Kwenye Ukungu Hakuna Mkubwa

Tangu kivuko kimgonge muuza maziwa, mume wa mshonaji alikuwa akilala vizuri kuliko zamani. Hilo ndilo lililomtia mke wake hofu. Alitegemea kumwona akigaragara kitandani, akiamka na kujikunyata pembeni kama watu wanavyofanya wakiwa na jambo zito rohoni. Wapi! Akigusa mto tu, anakoroma. Asubuhi anaamka, ananawa, anakunywa chai ya moto bila kuipuliza, halafu anakaa kwenye kiti kilicho karibu na cherehani na kutazama mlango. Ukimuuliza habari, anasema nzuri. Ukimwambia mvua inakuja aanue nguo, anaanua. Alikuwa amekufa ganzi mwili mzima, na mtu akikutazama kwa nje hawezi kujua ganzi ni ipi na kutojali ni kupi. Majirani walishaamua kuwa hajali.

Mtaani walimwita Masikio. Jina hilo alilipata kazini, tena kwa sifa. Alikuwa mlinzi wa mbele wa kivuko: husimama pale kwenye lango la kuingizia magari, na ukungu ukishuka mtoni kazi yake ni kusikiliza. Rada iliyo juu, kwenye chumba cha usukani, huona meli, matishari na nguzo. Mtumbwi wa mbao huiponyoka. Kwa hiyo lazima mtu asimame mbele, kimya, asikilize makasia, maongezi, chochote kile, na akisikia amwambie nahodha kwa simu ya upepo. Siku moja alisikia mtu akikohoa ndani ya ukungu, kivuko kikasimama, na mvuvi yule akaenda kulala kwake. Kuanzia hapo akawa Masikio. Sasa mwenye duka alikuwa akilitamka jina hilo polepole, huku akiwatazama wateja wengine, na wateja wakiinamisha vichwa kuficha vicheko.

Asubuhi ya ajali ukungu ulikuwa mzito hata abiria wa nyuma hawakuwaona wa mbele. Kivuko kiliondoka kwa mwendo wa pole, honi ikilia mlio mmoja mrefu, kimya, mlio mmoja mrefu, kama sheria inavyotaka. Katikati ya mto kikaukata mtumbwi wa muuza maziwa. Madumu yalielea, na mwenyewe alipatikana jioni huko chini, kwenye matete.

Kikao cha uchunguzi kilipangwa Jumatatu, na swali lake lilikuwa moja: mtumbwi ulitoa sauti au haukutoa? Kila mwenye mtumbwi anajua kwamba kwenye ukungu lazima agonge kitu ili asikike. Kama muuza maziwa hakugonga, basi alijitakia mwenyewe, na kesi inazikwa naye. Kama aligonga, na mlinzi akasikia, basi kuna mtu juu ya kivuko wa kujibu. Na nahodha wa kivuko hicho alikuwa kaka mkubwa wa mshonaji, aliyemlea tangu baba yao afariki, na ndiye aliyemtafutia shemeji yake kazi.

Wateja walianza kupungua. Ijumaa alikuja mama mmoja ambaye gauni lake lilikuwa limeshakatwa.

"Nimekuja kuchukua kitambaa changu."

"Mbona mapema? Bado kuunga mikono tu."

"Nipe hivyo hivyo. Naona mna mambo mengi."

"Mambo gani? Mimi nashona kama siku zote."

Mteja aliokota vipande kimoja kimoja mezani, akavikunja vizuri, akavitia mfukoni. "Si kwa ubaya, mama. Nitamalizia kwingine." Alipofika mlangoni akageuka. "Na poleni," alisema, asitaje pole ya nini. Masikio alikuwa pale pale kitini. Alivuta miguu yake ndani ili mteja apite.

*

Jumamosi mchana alikuja Nahodha. Alivaa koti, viatu vimepigwa rangi, kama mtu anayekwenda kuposa. Mama yao, ambaye aliishi kwa binti yake, alitoka chumbani na kukaa karibu na mwanawe. Chai ikaletwa.

"Mdogo wangu," Nahodha alimwambia mshonaji, "mumeo yupo?"

Masikio alikuwa amekaa mbele yake. Kilichowatenganisha ni meza ya vikombe.

"Si huyo hapo, kaka."

"Mwambie Jumatatu atulize akili. Watamuuliza mengi, yeye ajibu moja. Hakusikia kitu. Alisikia injini, alisikia honi, alisikia maji, basi."

Mshonaji akamgeukia mumewe. Alishazoea kuwa posta ya watu wawili walio chumba kimoja. "Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Wala huo si uongo," Nahodha akaendelea, akiitazama picha ya marehemu baba yao ukutani. "Ukungu ule, hata popo angepotea. Mimi nina watoto shuleni. Wakinyang'anya cheti changu, kwa umri huu nani ataniajiri? Nikauze karanga stendi?"

"Usiseme hivyo, mwanangu," mama alisema. "Aliyekufa amekufa, Mungu amrehemu. Kumfufua hamuwezi. Walio hai ndio wa kulinda."

"Tena yeye mwenyewe anajua aliniita akaniambia nini." Sauti ya Nahodha ilishuka. "Ayaseme hayo mbele za watu, tuone nani atachekwa."

Mshonaji alimtazama kaka yake, akamtazama mumewe, asielewe. Masikio aliinua kikombe, akakuta hakina kitu, akakirudisha. Mama akasema chai iongezwe, na chai ikaongezwa, wakanywa wote wanne.

Wakati wa kuagana Masikio alisimama kama ilivyo ada ya mwenye nyumba. Nahodha alimpa mama mkono, akampa dada yake mkono, kisha akatia mikono yote miwili mfukoni na kutoka. Mkono wa Masikio ulibaki nje kidogo, halafu nao ukarudi ulikotoka.

*

Kesho yake alibisha hodi mke wa muuza maziwa. Hawakuwa wakijuana, ila mshonaji alimtambua mara moja. Mtu anayetoka msibani hutambulika, nguo zake humkaa kama za kuazima.

"Karibu. Karibu ndani, ukae."

"Sikai, dada yangu. Nina neno moja tu." Alisimama kizingitini. "Jana alikuja mtu wa ofisi ya kivuko. Mpole kweli kweli. Akaniuliza, eti mume wangu alikuwa anakunywa? Nikamwambia hajawahi. Akaniuliza, eti alikuwa mvivu wa kugonga? Dada yangu! Mtu yule alikuwa akigonga mpaka tunamcheka. Hajaingia hata mtumbwini, ameshaanza. Ukungu kidogo tu, kwa kwa kwa na kopo lake, anaamsha watu wote. Mimi ndiye niliyemfungia kamba lile kopo lisije likaanguka majini."

Alikuwa akitabasamu kwa kumkumbuka, na tabasamu lilibaki usoni hata alipokwisha kusema, kama taa iliyosahauliwa mchana.

"Sitaki kitu kwenu. Nataka kujua kama alisikika. Alikuwa anagonga watu wanamsikia, au alikuwa anagonga peke yake?"

Masikio alikuwa ameinuka. Alifungua mdomo. Chumbani mama mkwe alikohoa kikohozi kikavu, kisicho na ugonjwa wowote.

"Nitasema kikaoni," alisema Masikio.

"Kikaoni utawaambia wao. Mimi niko hapa."

Masikio alitazama chini. Mwanamke alingoja. Alingoja kwa adabu, kama anayengoja chenji kwa mtu anayemwamini, kisha akasema asante na kuondoka. Mshonaji alitamani ardhi ipasuke immeze.

Alimfuata mumewe uani. Alimkuta anaanua nguo ambazo hata hazijakauka.

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Mkiwa mmeshamfikia, au mapema?"

"Mapema. Kulikuwa na nafasi."

"Sasa si ungemwita kaka!"

"Nilimwita."

"Ukamwambiaje?"

Masikio alikunja shati, mkono wa kulia juu ya wa kushoto, vizuri kabisa. "Nilimwamkia."

"Ulifanya nini?"

"Nilisema, shikamoo kaka. Hakuitikia. Nikasema tena. Kopo nalisikia, liko kulia, linakuja. Nikasema mara ya tatu. Ndipo akasema, marahaba, unasemaje? Nikaanza kumwambia, kulia kuna... Tukawa tumeshafika."

"Sasa kwa nini wewe..." mshonaji alianza, na maneno yakamkwama, kwa sababu jibu alikuwa nalo mwenyewe.

Jumapili iliyotangulia ajali, Nahodha alikuja kula chakula cha mchana. Kabla ya kunawa akatangaza kwamba atamchukua mama akaishi kwake, kana kwamba anazungumzia kabati. Masikio akamwambia, nyumba hii ina mwenyewe, angalau ungeuliza. Nahodha akaacha sahani imejaa na kuondoka. Jioni nzima mama na binti walimkalia Masikio kooni. Heshima si utumwa, mama alimwambia. Mdogo ndiye anayeanza. Na asubuhi yake, ile ya ajali, mumewe akiwa mlangoni tayari kwenda kazini, mshonaji mwenyewe alimweka sawa kola ya shati na kumwambia: ukimwona kaka, kabla hujamwambia neno lolote, mwamkie kwanza. Neno lolote lile. Masikio akasema sawa. Alipofika kivukoni, Nahodha alikuwa ameshapanda juu na kufunga mlango, na kamba zilikuwa zinafunguliwa. Kwa hiyo neno la kwanza alilokuwa nalo kwa shemeji yake siku ile lilikuwa ni lile la kopo.

"Mimi ndiye niliyekwambia," alisema mshonaji.

"Na mama pia."

"Lakini si kwenye hatari! Mtu mzima wewe, hujui kwamba..."

"Najua. Tulifundishwa. Unasema upande, unasema umesikia nini, unasema simama. Jina hutaji, cheo hutaji. Mkufunzi alituambia, kwenye ukungu hakuna mkubwa. Tukacheka." Alichukua nguo nyingine. "Yote nilikuwa nayo kichwani. Mdomo ukasema shikamoo."

Alisema hayo kwa sauti ile ile anayosemea kwamba sabuni imekwisha. Mshonaji alitaka kulia. Alingoja machozi, hayakuja. Ganzi ya mumewe ilikuwa imeanza kumpata na yeye. Akashika upande wa pili wa shuka, wakalikunja pamoja.

"Kesho utasema nini?"

"Wewe unataka niseme nini?"

Hapo akawa amemweka njia panda. Mumewe akisema kweli, kaka aliyemlea yeye anapoteza kazi, pengine anafungwa. Akisema uongo, yule mwanamke wa kizingitini atabaki na mume mzembe kaburini. Mshonaji aliliweka shuka kwenye beseni.

"Usiniulize mimi," alisema. "Mara ya mwisho nilikwambia la kusema."

*

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi mdogo ulio juu ya ofisi ya tiketi. Madirisha yalikuwa wazi, na ungeweza kusikia magari yakipanda kivuko kingine kilicholetwa kufanya kazi ya kile. Mwenyekiti alikuwa mwanamama mwenye miwani, aliyewahi kuendesha meli, na hakupenda watu wazungumze kirefu.

Alianza Nahodha. Alijibu vizuri sana. Mwendo? Wa pole. Honi? Ililia muda wote. Taa? Zimewashwa. Rada? Ilikuwa inafanya kazi, lakini mtumbwi haikuuonyesha. Kila jibu lilikuwa kweli tupu, na kila moja mwenyekiti alilikubali kwa kichwa.

"Ulipata taarifa yoyote kutoka kwa mlinzi wa mbele kabla hamjagonga?"

"Taarifa haikuwapo, mheshimiwa."

Hapo alichagua neno. Mama yake, safu ya mbele, alikumbatia mkoba wake kifuani na kushusha pumzi.

Masikio akaitwa. Alisimama mikono ubavuni. Alitafuta woga ndani yake, hakuuona. Alitafuta huruma kwa shemeji yake, nayo hakuiona. Alihisi tu kwamba viatu vinambana.

"Ulisikia sauti yoyote mbele ya kivuko?"

"Nilisikia kopo linagongwa. Mbele, upande wa kulia."

Viti vililia. Mwenyekiti aliinua mkono. "Ukafanya nini?"

"Nikamwita nahodha kwa simu ya upepo."

"Kwa maneno gani? Yaseme kama ulivyoyasema."

"Shikamoo kaka."

Kwanza alicheka mtu mmoja nyuma, akajizuia. Kisha safu nzima ikaangua kicheko, na karani akainamia karatasi zake, mabega yakimtikisika. Mwenyekiti akagonga meza.

"Nauliza maneno uliyosema kwenye simu, siyo salamu."

"Ndiyo hayo."

"Halafu?"

"Shikamoo kaka."

Wakacheka tena, zaidi ya mwanzo. Kuna aliyesema huyu amerukwa na akili.

"Umeshasema hilo."

"Hii ni ya pili. Ya kwanza hakuitikia. Ya pili hakuitikia. Nikasema ya tatu, shikamoo kaka. Kopo lilikuwa linagongwa haraka sasa."

Safari hii hakucheka mtu. Kutoka chini ilisikika sauti ya mpanga magari akimwambia dereva arudi nyuma kidogo, kidogo, basi.

"Ndipo akaitikia," alisema Masikio. "Nikaanza kumwambia."

Mwenyekiti alivua miwani. Hakumtazama Masikio, alimtazama Nahodha. "Simama tafadhali. Ulimsikia akikuita?"

Nahodha alisimama, akafunga kifungo cha koti, akakifungua tena. Angeweza kukana. Lilikuwa neno lake na neno la mlinzi, na yeye ndiye mkubwa. Dada yake alimwona akiitafuta kauli hiyo na kuikosa.

"Nilimsikia."

"Mara zote tatu?"

"Zote."

"Kwa nini hukujibu?"

"Alikuwa amenivunjia heshima. Jambo la nyumbani. Nikasema acha aombe kidogo. Sikujua anataka kusema nini. Nilidhani ananiamkia tu."

Mwenyekiti aliandika kwa muda mrefu. Akatamka kwamba wote wawili wanasimamishwa kazi, cheti cha nahodha kibaki mezani, na mengine yatakwenda mahakamani. Alipouliza kama kuna mwenye neno, mke wa muuza maziwa alinyoosha kidole kama yuko darasani. Hakuwa kwenye orodha ya wasemaji, ila hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia hivyo.

"Kwa hiyo alisikika?"

"Alisikika, mama," alisema Masikio.

Mwanamke alitikisa kichwa kukubali. Alikusanya mtandio wake, akapita katikati ya viti na kutoka kabla kikao hakijafungwa. Hakumshukuru mtu.

*

Nje, kwenye ngazi, watu waliwapisha wanafamilia hawa wanne kama wanavyopishwa wabeba jeneza. Mama alimpita mkwewe kana kwamba anapita nguzo. Akamshika mwanawe mkono.

"Mimi nakwenda kwa kaka yako," alimwambia mshonaji. "Nguo zangu zitafuatwa."

"Sawa, mama," alijibu mshonaji. Alidhani itamuuma, akasikiliza, haikumuuma bado.

Walishuka ngazi mbili tatu, halafu Nahodha akasimama. Alijitoa mkononi mwa mama yake, akapanda tena mpaka pale alipokuwa shemeji yake. Mshonaji alijiweka katikati kwa kuogopa ngumi. Nahodha hakuwa na ngumi. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya chakula alimtazama Masikio usoni.

"Ungenitukana," alisema.

"Unasemaje, kaka?"

"Ungenitukana tu, shemeji. Matusi ya nguoni, abiria wote wasikie. Ningepandwa na hasira, ningeshuka nije nikuzabe makofi pale pale." Alinyoosha kidole mtoni. "Na ili nishuke, ningesimamisha kivuko."

Masikio alimtazama.

"Nisingeweza, kaka."

"Najua," alisema Nahodha, na akageuka akamfuata mama yake.

Mshonaji alimshika mumewe mkono ili washuke. Mkono ulikuwa unatetemeka. Aliushika kwa mikono yake yote miwili, wakapita mbele ya dirisha la tiketi, wakapita mbele ya duka, na mkono uliendelea kutetemeka njia nzima.